Jina kwenye Mstari wa Chini

Sotkamo, 24 Julai 1994

Kwako mdogo wangu Arto,

Salamu kutoka nyumbani. Mama hajambo, isipokuwa goti la kushoto linamsumbua anaposhuka ngazi za sauna. Nyasi zimekatwa na kukaushwa kabla ya mvua ya Alhamisi. Kiwandani tumepokea maziwa mengi kuliko Julai iliyopita, na ile kompyuta ya mizani imezimika mara mbili tu. Meneja anasema ninunue mpya. Nimemwambia haina ugonjwa, inahitaji kupanguswa vumbi. Nikaipangusa vumbi, ikapona.

Wiki nzima tumetazama vile vipande vya nyota-mkia vikiigonga sayari ya Jupita. Mama anauliza, "Vinagonga huko kwa kishindo chote hicho, mbona huku hatusikii?" Nikamwambia sauti haisafiri penye utupu. "Basi wamejuaje?" Wameona, mama. Mwanasayansi wa Kimarekani akaeleza, na maandishi ya tafsiri yakapita chini ya picha kama kawaida, na kama kawaida televisheni yetu ikala mstari wa pili. Kwa hiyo tunajua alivyoanza, hatujui alivyomaliza. Mama anasema ndivyo walivyo wasomi.

Kuhusu barua yako. Umeniandikia kurasa mbili za kuusifu ule mfumo endeshi wa kompyuta wa bure ambao wanafunzi wenzako wanapeana. Nakubaliana nawe nusu. Mfumo ambao kila mtu anaweza kuufungua na kuona ndani ni jambo zuri kwa wenye muda. Ila nimefurahi uliposema kwamba jina la kila aliyechangia limeandikwa humo, hata aliyerekebisha mstari mmoja. Kumbe adabu bado ipo duniani.

Kampuni iliyotengeneza mashine yetu, ile kompyuta tunayoiunga kwenye televisheni, ilifilisika Aprili, na magazeti yanaiandikia tanzia. Mashine yangu haikuambiwa. Jana niliiwasha, ikaamka.

Sasa neno lenyewe. Umesema utaingia kwenye mashindano ya Agosti ya maonyesho ya kompyuta, kundi la mashine za zamani, na kwamba utatumia ukingo. Si lazima nikukumbushe, ila nitakukumbusha. Mashine ile inatuachia mstatili wa katikati ya skrini tu, na kuuzunguka inaweka ukingo wa rangi moja usioandikika kitu. Majira ya baridi ya mwaka 1987 niliufungua pande zote nne. Wengine waliufungua pia, kila mmoja kwa njia yake, lakini njia iliyo kwenye disketi yako ni yangu.

Mwisho wa kila onyesho mnapitisha salamu, mkiwataja wenzenu mmoja mmoja. Niweke humo. Jina langu la utani unalijua: Kiiski. Herufi sita. Hazitajaza disketi.

Mama anakuuliza kama unakula.

Dada yako,
Outi


Otaniemi, 16 Agosti 1994

Dada Outi, shikamoo,

Natumaini goti la mama limetulia. Mwambie nakula. Nakula makaroni na soseji, na Jumapili nakula soseji na makaroni.

Dada, nimeshika nafasi ya kwanza!

Ukumbi wa mpira wa magongo, watu elfu mbili, kila mmoja na mashine yake mezani na mfuko wa kulalia chini ya meza. Joto kama sauna iliyosahauliwa. Kundi letu lilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye skrini kubwa kama ukuta wa ghala. Onyesho langu nimeliita Barafu Inaondoka. Mto umeganda, barafu inapasuka, vipande vinaelea, na badala ya kuishia pale mashine inapoishia, vinatoka nje, vinaingia ukingoni, vinafika mpaka pembe za skrini. Ukumbi mzima ukapiga miguu sakafuni. Jamaa mmoja wa Turku aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mashine ile imekufa Aprili, huyu anaichezesha ngoma Agosti."

Mengine ya huku. Kila bweni sasa lina ule mchezo wa kupiga risasi mazimwi kwenye vichochoro, na mtandao wa chuo unakwenda mwendo wa konokono kwa sababu yake. Najua utasema ni upuuzi. Mimi nasema sakafu zake na dari zake zimechorwa na mtu anayejua kazi. Na zile kompyuta za ofisini ulizozidharau ndizo zitakazobaki, dada. Mashine yetu ni ya makumbusho. Nzuri, lakini ya makumbusho.

Jambo kubwa zaidi: kuna mama mmoja, Bi Lindroos, ana kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta hapa Espoo, watu sita. Alikuwepo ukumbini. Alinijia na kikombe cha kahawa mkononi, hakunipa hata pole ya joto. "Ule ukingo umefanya wewe?" Tulizungumza. Anatafuta mtu mmoja kuanzia Januari, wa kuandika michezo ya mashine ndogo ya mkononi. Kiti kimoja. Amesema atanifikiria.

Nimekuwekea disketi ndani ya kadibodi mbili ili posta wasiikunje. Itazame mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Arto


Sotkamo, 4 Septemba 1994

Arto,

Mama anakupongeza. Ameoka mkate bapa akawaita akina Hyvönen wa ng'ambo ya ziwa, akawaambia kijana wake ameshinda Helsinki. Mzee Hyvönen akauliza ameshinda nini. Mama akasema, "Barafu." Wakala.

Disketi ilifika nzima. Nimeitazama mara tatu. Mara ya nne niliitazama na penseli.

Mto ni mzuri. Mpasuko wa kwanza umechelewa kidogo kuliko muziki, lakini hilo watu elfu mbili wenye joto hawataliona. Vipande vinaingia ukingoni bila kutikisika hata nukta moja. Najua kwa nini havitikisiki. Hata wewe unajua.

Kisha salamu. Nimehesabu majina arobaini na moja. Umewasalimu vijana wa Turku, wa Tampere, wa Vaasa. Umewasalimu Waswidi wawili ambao hujawahi kuonana nao. Umemsalimu anayeuza piza mlangoni mwa bweni, na umeandika kwamba uyoga wake ni wa kopo. Umemsalimu paka.

Kiiski hayumo.

Nilisubiri orodha izunguke tena kutoka mwanzo, nikidhani nimepitiwa. Mama akapita na ndoo ya viazi, akasema, "Bado unatazama barafu? Nje kuna viazi vya kuchimba." Nikaenda kuchimba viazi.

Sina haja ya kurefusha. Nakuuliza swali moja, na nataka jibu moja. Bi Lindroos alipokuuliza kama ukingo umefanya wewe, ulimjibu nini? Katika barua yako umeandika "tulizungumza". Hilo ni jibu la mwanasiasa.

Na kuhusu makumbusho: vitu vinavyowekwa makumbusho huandikwa pia nani alivitengeneza.

Outi


Otaniemi, 18 Oktoba 1994

Dada, shikamoo,

Nisamehe kwa kimya. Wiki zile baada ya ile meli ya abiria kuzama hapakuwa na mtu bwenini aliyetaka kuandika wala kucheza. Halafu mitihani. Halafu kura ya kujiunga na Umoja wa Ulaya. Natumaini kiwandani hamjavunjika moyo sana. Najua huko kwetu Kainuu mlipiga kura ya hapana.

Nimesoma gazetini kwamba Wamarekani wanakaribia kutangaza chembe ya mwisho katika familia ya chembe ndogo kuliko zote. Majina zaidi ya mia nne kwenye makala moja. Profesa wetu anasema nusu yao walibeba waya. Nikamwambia waya nao unabebeka vibaya au vizuri.

Programu mpya ya madirisha inasemekana itatoka mwakani. Wanasema itabadilisha kila kitu. Walisema hivyo na ile iliyopita.

Jina lako lipo. Tazama chini.

Bi Lindroos ameniita mara mbili. Mambo yanakwenda vizuri.

Msalimie mama.

Arto


Sotkamo, 30 Oktoba 1994

Arto,

Mama hajambo. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka Jumatano. Usiwaweke waliozama mbele yako kama ngao. Meli ilizama Septemba mwishoni, barua yangu ulikuwa nayo tangu mwanzoni.

Nimetazama chini. Nimetazama siku mbili nikiwa nimepiga magoti, pua inagusa kioo. Hakuna kitu chini ila barafu. Siku ya tatu, nikiwa nimeketi na mama kutazama habari, mtangazaji wa kigeni akazungumza, tafsiri ikapita, mstari wa pili ukakatwa miguu. Ndipo nikaelewa.

Nilichukua bisibisi.

Unaikumbuka ile skrubu nyuma ya televisheni ambayo marehemu baba aliibandika utepe na kuandika ISIGUSWE? Fundi alikuja mwaka 1981, akaizungusha, akaondoka, na baba akasema aliyesomea amemaliza. Miaka kumi na tatu tumekula samaki bila mkia. Mama aliponiona nimebandua utepe alisema, "Outi! Baba yako!" Nikamwambia baba hatazami tena. Akasema, "Basi izungushe taratibu."

Picha ikasinyaa. Chini ya barafu, chini ya kila kitu, ukatokea mstari wa herufi nyeupe ndogo: UKINGO HUU ULIFUNGULIWA NA KIISKI.

Mama akausoma kwa sauti. Akauliza, "Kiiski si wewe?" Yeye ndiye aliyenipa jina hilo, nilipokuwa na miaka sita, kwa sababu nilikuwa kama yule samaki wa ziwani: nyama kidogo, miiba mingi. Nikasema ndiyo, ni mimi. Akafurahi sana. Alitaka kuwaita tena akina Hyvönen.

Mimi sikufurahi, nitakuambia kwa nini. Nimehesabu. Maandishi yanaanza mstari wa mia mbili na tisini. Televisheni yetu, kabla ya bisibisi, ilikuwa inaishia mia mbili themanini na tatu. Umekaa mbele ya televisheni hiyo miaka tisa, Arto. Umeandika michezo yako yote juu yake. Ulikuwa ukipandisha alama zako mistari kumi ili baba azione. Hakuna mtu duniani anayejua inakata wapi kuliko wewe na mimi.

Kwa hiyo watu elfu mbili waliliona jina langu. Nyumba moja tu katika nchi hii haikuweza kuliona, na ni yetu.

Tena, jana nilikwenda maktaba. Gazeti la kompyuta la mwezi huu lina mahojiano yako, ukurasa wa kumi na nne, na picha yako na kikombe cha ushindi. Mwandishi anauliza: Kiiski ni nani? Umejibu: "Ni samaki tu. Mzaha wa nyumbani."

Msimamizi wa maktaba akasema, "Huyu si mdogo wako? Mbona hukusema una mtu maarufu?" Nikalirudisha gazeti rafuni.

Nitakuambia ninachokiona, bila chumvi. Nina miaka ishirini na minane. Napima maziwa. Niliporudi nyumbani baba alipougua ulikuwa na miaka kumi na minane, na tulikubaliana kwamba wewe utakwenda kusoma kwanza na mimi nitafuata. Sijafuata. Hilo sikulaumu. Lakini ninapokusoma ukizungumza juu ya sakafu na dari za michezo, juu ya mwakani kutatoka nini na nani amekuita mara mbili, wivu unanishika kooni kama mfupa, na siwezi kuumeza wala kuutema. Nimeusema. Sasa sema wako.

Outi


Otaniemi, 27 Novemba 1994

Dada,

Shikamoo. Mama nilimpigia simu Jumapili, naye ameniambia goti halijambo na kwamba hapiki tena uji wa asubuhi, unapika wewe. Aliniuliza kama nimegombana nawe. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kwa nini kila nikitaja jina lako anaosha vyombo?"

Barua hii nimeianza mara nne.

Bi Lindroos aliponiuliza kama ukingo nimeufanya mimi, nilisema ndiyo. Hilo ndilo jibu moja ulilotaka.

Mstari wa mia mbili na tisini niliuchagua. Hukukosea hesabu. Nilijiambia ni heshima: jina lako mahali ambapo pasingekuwepo bila wewe. Maneno mazuri, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka ulione. Kama ungeliona ungeniandikia kwa upole, na mama angesema, "Outi ndiye aliyemfundisha," kama alivyosema nilipopata alama kumi kwa kumi za hesabu, na nilipochapishiwa mchezo wangu wa kwanza, na nilipoingia chuo hiki. Kila mlango niliofungua, nilikuta umeshapita na kuuacha wazi. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nimekuonea wivu. Unakaa huko unapima maziwa na bado unajua kwa nini vipande havitikisiki, na mimi niliyesimama jukwaani sijui.

Ndiyo. Sijui.

Zile amri nimezinakili neno kwa neno kutoka disketi ya zamani. Kuna jedwali la namba sitini na tatu. Kila namba inaiambia mashine isubiri kiasi gani kabla ya kuchora mstari unaofuata. Nikibadilisha moja, picha nzima inaruka kama samaki kwenye ndoo. Kwenye mashine yetu zinafanya kazi. Bi Lindroos anataka ukingo huo huo kwenye mashine ya mkononi, na huko hazifai hata moja. Anataka namba mpya. Nimejaribu kuzikokotoa wiki tano. Juzi alinisimamia mgongoni.

"Hizi za zamani ulizipataje?"

"Kwa kujaribu."

"Ulijaribu vipi?"

Nikasema daftari langu liko nyumbani kwa mama.

"Basi lilete," akasema. "Nataka kuona njia tarehe tisa Januari. Namba hata mpumbavu anaweza kunakili."

Hakujua anamwambia nani.

Dada, najua daftari lipo. La bluu, lenye doa la kahawa. Nakuomba unitumie. Ukikataa nitaelewa, na tarehe tisa nitakaa kimya mbele ya mwanamke yule mpaka anitoe.

Arto


Sotkamo, 18 Desemba 1994

Kwako Arto,

Mama hajambo. Ziwa limeganda, sentimita kumi na nne kando ya gati. Tumepata samaki wadogo wawili kwa ndoana, na mmoja alikuwa kiiski. Mama alinitazama, sikucheka, akacheka yeye.

Kiwandani wamenunua kompyuta mpya ya mizani. Ina picha ya mawingu inapowaka, na inachukua dakika tatu kuamka. Ile ya zamani ilikuwa tayari kabla sijavua kofia. Ya zamani nimeibeba nyumbani.

Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili. Ningeweza kufanya mambo matatu. La kwanza, kukaa kimya. Ungeanguka mwenyewe, na mimi ningesoma habari hiyo nikinywa kahawa. Nililifikiria hilo siku sita, na sitakuficha kwamba zilikuwa siku nzuri. La pili, kukutumia daftari kama ulivyoomba. Ungesoma, ungeelewa, maana huna ujinga wowote, ungekaa kwenye kiti, na mimi ningepika uji. Hilo nililifikiria dakika kama kumi.

Nimefanya la tatu. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Imeandikwa jina la Bi Lindroos na haijafungwa. Soma. Nimemweleza njia kwa kurasa saba.

Kwa kifupi, na wewe ujue: namba zile hazikukokotolewa. Mashine ina mlinzi anayefunga lango kila anapofika mstari fulani. Ukimbadilishia saa wakati huo huo anapoitazama, anadhani muda wa kufunga umeshapita, analiacha wazi. Shida ni kwamba vitu vinavyotembea kwenye picha vinakuibia muda, kila mstari kwa kiasi chake, na vitabu vilidanganya kuhusu kiasi hicho. Nikapima. Niliandika programu ndogo inayowasha mstari mmoja mwekundu, nikausogeza kidogo kidogo, nikaandika daftarini unapotulia. Mistari sitini na mitatu, wiki sita. Wewe ulikuwa sakafuni unakula chungwa, ukaniuliza kwa nini naangalia mstari mmoja tu. Nikakuambia ondoka mbele ya taa. Pengine pale ndipo ningekueleza.

Programu hiyo ndogo ndiyo njia yenyewe. Nimeiandika upya kwa mashine ya mkononi kutoka kitabu chake ulichoniachia kiangazi, na disketi yake imo bahashani. Sina mashine hiyo, kwa hiyo inaweza kuwa na kosa moja. Haitakuwa na mawili.

Barua nimeitia sahihi jina langu la ubatizo, na chini yake Kiiski. Sikukutaja kama mwizi. Nimeandika: "Ndugu yangu alichora barafu, mimi nilifungua ukingo." Ni kweli yote mawili, na barafu ni nzuri, hilo nilipaswa kusema Septemba.

Sitaipeleka posta mimi. Uipeleke wewe kwa mkono, au uitie jikoni uiwashie moto. Daftari liko hapa, juu ya televisheni. Halisafiri.

Krismasi njoo. Mama amenunua nyama ya nguruwe kubwa kuliko mlango wa oveni. Usipokuja pia nitajua kwa nini.

Outi


Otaniemi, 10 Januari 1995

Dada Outi, shikamoo,

Natumaini mama amepona kifua alichokuwa nacho Krismasi, na kwamba nyama imekwisha. Asante kwa kutoniuliza kitu siku zile nne. Nilidhani utaniuliza kwenye sauna. Ulimwaga maji tu juu ya mawe.

Bahasha ilikuwa kwenye begi langu muda wote. Niliisoma kwenye treni nilipokuwa nakuja, nikaisoma tena nikirudi. Kituo cha Kouvola nilishuka kununua kahawa nikapita karibu na pipa la takataka. Nakuambia ili ujue nilipita karibu.

Jana nilimpa. Aliisoma amesimama, koti bado mwilini. Ukurasa wa tatu akaketi. Akaweka disketi yako kwenye mashine yake. Mstari mwekundu ukatokea, ukatikisika, ukatulia. Kosa lilikuwa moja. Alilipata yeye mwenyewe, akalirekebisha, akacheka peke yake.

"Kwa hiyo Kiiski si samaki," akasema.

"Hapana."

"Na wewe uliniambia ndiyo, Agosti."

"Ndiyo."

"Kiti ni kimoja, Arto."

"Najua."

Akaniomba namba ya simu. Nikampa ya jikoni kwa mama. Atakupigia Alhamisi, baada ya saa za kiwanda. Nimemwambia unatoka saa kumi. Usioshe vyombo wakati simu inalia. Mimi amesema nirudi nikimaliza chuo, kama nitakuwa nimejifunza kupima. Hakusema kwa ubaya. Ungempenda. Mnafanana, na hilo halinisaidii.

Chumba changu kina nafasi ya godoro la pili mpaka upate pako. Mama nimezungumza naye. Akina Hyvönen watamletea kuni, na mimi nitakuwa nyumbani kila kiangazi. Alisema, "Nendeni zenu wote, nitatazama televisheni, siku hizi inaonyesha mpaka chini."

Nikitembea kwenda darasani leo asubuhi nilijaribu kujiambia kwamba nimefurahi kwa ajili yako. Huenda nitafurahi Machi. Leo nina wivu, dada, wivu mtupu, na nimeuandika hapa katikati ya ukurasa ili usihitaji bisibisi.

Mdogo wako,
Arto